Una ndugu aliyeugua saratani ya utumbo mpana? Hivi ndivyo unavyochagua kipimo chako, hatua kwa hatua

Kila nikikaa na watu wakijua kwamba baba yangu alifariki kwa saratani ya utumbo mpana, maswali yanakuwa yale yale. Nipime nini, nianze na miaka mingapi, ile kamera ya kuingizwa kwa njia ya haja kubwa inauma, hivi siwezi kupima damu tu yakaisha? Nimejibu kwa simu, nimejibu msibani, nimejibu kwenye daladala, sasa nimeona bora niyaandike yote sehemu moja ili ukimaliza kusoma ujue kesho asubuhi unaanzia wapi. Mi sio daktari, ni mtoto wa mgonjwa, hii njia nimeipita mwenyewe na wadogo zangu wawili nimewasindikiza, na ya kitaalamu nimewauliza madaktari mpaka wakanielewesha.

Kabla ya yote, huu mwongozo ni wa mtu ambaye HANA dalili. Kama unatoa damu kwenye choo, au choo chako kimebadilika kwa wiki kadhaa, unapungua uzito bila sababu, au unaambiwa damu ni pungufu na hakuna anayejua inapotelea wapi, usikae kuchagua kipimo hapa, nenda kwa daktari na useme mapema kabisa kwamba kwenu saratani ya utumbo ipo. Baba alitibiwa bawasiri kwa miezi nane kwenye zahanati ya jirani, amepakwa dawa, amepewa vidonge, hakuna aliyemuuliza kuhusu ukoo na yeye hakusema. Na usiseme bado kijana. Ken Okoth, yule mbunge wa Kibra kule Nairobi, saratani hii ilimchukua Julai 2019 akiwa na miaka 41. Chadwick Boseman, muigizaji, alikuwa na 43.

VITU VYA KUANDAA

- Daftari na kalamu, manake kichwani hutokumbuka
- Majina ya wazazi, ndugu zako wa kuzaliwa, watoto, halafu mashangazi, wajomba, baba wadogo na wakubwa, mama wadogo na wakubwa, mababu na mabibi wa pande zote mbili
- Ripoti zozote za hospitali za waliougua, hasa karatasi ya maabara ya kinyama kilichokatwa (biopsi)
- Orodha ya dawa unazokunywa wewe, pamoja na za miti shamba
- Kadi ya bima kama unayo
- Mtu mzima mmoja atakayeweza kukusindikiza siku nzima

Hatua ya 1: Chora ukoo wako

Hapa ndo watu wanaruka, na hapa ndo kila kitu kinaamuliwa. Kipimo chako kinategemea nani aliugua na aliugua akiwa na miaka mingapi, sio hospitali gani ina ofa.

Shida ni kwamba kwetu ugonjwa unafichwa. Utaambiwa bibi "alikuwa anaumwa tumbo", babu "alirogwa", mjomba "vidonda vya tumbo". Usibishane na mkubwa, muulize vitu alivyoviona kwa macho: alikuwa anatoa damu chooni? Alifanyiwa upasuaji wa tumbo? Aliwekewa ule mfuko pembeni ya tumbo wa kutolea choo? Alikonda? Alilazwa hospitali gani? Mi nilimkalisha shangazi mmoja mchana mzima na chai, na ni yeye aliyekumbuka kwamba babu mzaa baba naye "alifungwa utumbo" akafariki mezani, jambo ambalo baba mwenyewe hakuwahi kutuambia.

Kosa kubwa kwenye hatua hii ni majina yetu ya undugu. Sisi baba mdogo tunamwita baba, binamu tunamwita kaka, ukimwambia daktari "kaka yangu aliugua" ataandika ndugu wa damu wa karibu kabisa. Kwa hiyo fafanua: tumbo moja baba mmoja, au baba mmoja mama tofauti, au mtoto wa shangazi. Daktari anawahesabu kama ndugu wa karibu zaidi watu wa aina tatu tu: mzazi, ndugu wa baba na mama mmoja, na mtoto uliyemzaa. Wengine wote andika, ila waweke kwenye mstari wao.

Kosa la pili ni hili neno "kansa ya kizazi". Kuna ya shingo ya kizazi na kuna ya ndani ya mji wa mimba, ni vitu viwili tofauti. Ya shingo inaletwa na kirusi na haihusiani na huu ukoo wa utumbo. Ya mji wa mimba, hasa kwa mama aliyeugua kabla ya miaka 50, inaweza kwenda pamoja na saratani ya utumbo kwenye familia moja. Kwa hiyo uliza vizuri ni ipi.

Hatua ya 2: Andika umri wa KUGUNDULIKA

Sio umri wa kufariki. Baba alifariki na 54 lakini aligundulika na 51, hiyo 51 ndo namba yangu. Kama hakuna anayejua mwaka, tumia matukio: ilikuwa kabla au baada ya harusi ya fulani, mtoto gani alikuwa darasa la ngapi, utakaribia.

Andika pia ndugu ambao hawakuwa na saratani ila waliwahi kutolewa vinyama kwenye utumbo, vile wanaviita polipu. Saratani nyingi za utumbo mpana zinaanza na kinyama kidogo kinachokaa miaka mingi bila kuuma, ndo maana ukikitoa mapema umeukata ugonjwa kabla haujawa ugonjwa. Kinyama kilichofika sentimita 1 au zaidi, au ambacho maabara iliandika kimeshaanza kubadilika vibaya, kinahesabika kama saratani kwenye hesabu za ndugu zake.

Hatua ya 3: Jiweke kwenye kundi lako

Hizi hesabu ni za wataalamu wa Marekani, Waingereza wana zao ambazo wengine wanaanza wakiwa wakubwa zaidi, kwa hiyo daktari wako anaweza kusogeza kidogo. Ila kama pa kuanzia mazungumzo, zinatosha kabisa.

Kundi la kwanza: kwenye wale wa karibu hakuna mgonjwa, ila yupo shangazi au babu mmoja aliyeugua uzeeni. Wewe unaenda kama watu wote, unaanza na miaka 45 (zamani ilikuwa 50, Wamarekani wakashusha mwaka 2021).

Kundi la pili: mmoja wa karibu, aligundulika akiwa na miaka 60 au zaidi. Anza na 40. Kipimo unaweza kuchagua, cha choo kila mwaka au kamera kila miaka 10.

Kundi la tatu: mmoja wa karibu aliyegundulika kabla ya 60, au wawili na zaidi wa umri wowote. Hapa kipimo ni kamera, kila miaka 5, na unaanza na 40 AU miaka 10 kabla ya umri wa yule mdogo kuliko wote aliyegundulika, unachukua namba iliyo ndogo. Mfano wangu, baba 51 toa 10 ni 41, lakini 40 ni ndogo, kwa hiyo 40. Mfano mwingine, dada wa tumbo moja kagundulika na 38, toa 10 unabaki na 28, we una 31 leo, ina maana umeshachelewa miaka mitatu, usisubiri 40.

Kundi la nne: ndugu watatu au zaidi wenye saratani ya utumbo au ya mji wa mimba, wamepita vizazi viwili, na angalau mmoja aligundulika kabla ya 50. Au kuna ndugu alikutwa na vinyama mamia kwa mamia ndani ya utumbo. Hapa inawezekana ni ya kurithi moja kwa moja. Ile ya kwanza inaitwa Lynch, kamera inaanza kati ya miaka 20 na 25 na inarudiwa kila mwaka mmoja hadi miwili. Ile ya vinyama mamia hata watoto wanaanza kuangaliwa wakiwa na miaka 10 hadi 12. Usijiamulie mwenyewe kundi hili, omba rufaa kwa daktari bingwa na umuulize kuhusu kipimo cha vinasaba. Na kama yule mgonjwa bado yupo hai, aanze kupimwa YEYE, manake kosa la kwenye vinasaba likijulikana kwake, nyie wengine mnatafutiwa hilo hilo tu, ukikutwa huna unarudi kuwa kama watu wote. Nusu ya watoto kwa wastani hawarithi, jamani, hilo watu hawaambiwi.

Hatua ya 4: Sasa chagua kipimo

Kamera (kolonoskopi). Inaingia kwa njia ya haja kubwa, inazunguka utumbo mpana wote, na ikikuta kinyama inakitoa hapo hapo. Kwa kundi la tatu na la nne hii ndo yenyewe. Kutoboka kwa utumbo kunaweza kutokea lakini ni nadra, chini ya mtu mmoja kwa kila elfu kwenye vipimo vya kawaida.

Kipimo cha choo cha FIT. Kinatafuta damu isiyoonekana kwa macho. Ni rahisi, unachukua nyumbani, unarudia KILA mwaka. Kwenye utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliotoka 2014, kilikamata saratani 74 katika kila 100, lakini vile vinyama vilivyokomaa kilikamata 24 tu katika kila 100. Na we mwenye ukoo unachotafuta ni kinyama kabla hakijawa saratani, ndo maana hakitoshi kwa kundi la tatu. Ila kama kamera huipati kabisa au umeikataa kabisa, FIT kila mwaka ni bora mara mia kuliko kukaa.

Ukienda maabara uliza hivi: "kabla ya kipimo niache nyama?" Wakikujibu ndiyo, ujue ni kile cha zamani ambacho kinachanganya damu ya nyama uliyokula na yako. FIT haihitaji uache chakula. Na usiiache sampuli kwenye gari juani, joto linaharibu damu iliyopo na majibu yanatoka salama wakati sio, peleka siku hiyo hiyo.

CT ya utumbo (picha za eksirei za kompyuta). Inaonyesha picha nzuri lakini haitoi kinyama, ikikiona utarudi kwenye kamera, na kusafisha tumbo ni kule kule.

Vitu ambavyo SIO kipimo cha uchunguzi kwako: ultrasaundi ya tumbo, na kile kipimo cha damu cha CEA. CEA inasaidia kumfuatilia ambaye tayari anatibiwa, mtu anaweza kuwa na saratani ya mwanzo na CEA yake ikawa nzuri kabisa. Nimekutana na watu watatu waliolipia CEA kila mwaka wakijua wanajikinga. Inaniuma sana hii.

Hatua ya 5: Weka miadi na uulize haya

Kwa Tanzania kamera zipo Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando Mwanza, na hospitali binafsi kadhaa. Kenya kuna Kenyatta, Aga Khan, na Tenwek kule Bomet wana uzoefu mrefu wa kamera. Ukipiga simu uliza bei NZIMA: kamera, dawa ya kusafisha tumbo, sindano ya usingizi, kutoa kinyama kikionekana, na maabara ya kukisoma. Bei ya kwanza unayotajiwa mara nyingi ni ya kamera peke yake, mtu anafika na hela kamili halafu biopsi inamshinda. Bima nayo ulizia kibali mapema kwa maandishi, na barua ya daktari iseme wazi "historia ya familia" pamoja na umri wa mgonjwa, isiandikwe tu "uchunguzi".

Mlioko Uingereza, kile kipimo cha choo kinacholetwa nyumbani kwa posta ni cha watu wa kawaida, na kinaanza umri wa 50. We mwenye ukoo mwone daktari wako wa mtaa na daftari lako mkononi usisubiri bahasha.

Hatua ya 6: Kusafisha tumbo

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu tumbo likiwa chafu kamera haioni, na umeshalipa.

Wiki moja kabla, vidonge vya kuongeza damu viache, vinapaka utumbo weusi. Kama unatumia dawa ya kuyeyusha damu, au sindano au vidonge vya kisukari, MUULIZE daktari, usiache mwenyewe, nasema tena usiache mwenyewe.

Siku mbili tatu kabla, kula vitu laini: wali mweupe, mkate mweupe, yai, samaki, kuku. Acha mchicha na mboga zote za majani, maharage, mahindi, karanga, dona, mapera, pasheni, nyanya zenye mbegu. Hizo mbegu zinakaa zinaziba kamera.

Siku moja kabla, maji maji tu ya kuona upande wa pili: chai ya rangi, supu iliyochujwa isiwe na chembe, maji ya dafu yaliyochujwa, juisi ya tofaa iliyochujwa. Hakuna maziwa, hakuna uji. Na hakuna kitu chekundu, rozela na bitiruti acha kabisa, ndani inaonekana kama damu.

Dawa yenyewe kunywa kama ulivyoelekezwa. Siku hizi wengi wanakugawia mara mbili, nusu jioni, nusu alfajiri, masaa manne hadi sita kabla ya kipimo, na hiyo nusu ya alfajiri ndo watu wanaiacha kwa kuwa wanaona wameshaharisha vya kutosha. Usiiache. Iweke kwenye friji, kunywa kwa mrija, kaa karibu na choo, andaa mafuta ya mgando ya kupaka maana utachubuka. Umemaliza pale unapotoa maji ya njano yanayoonekana kama mkojo. Kama bado ni kahawia, waambie ukifika.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Utabadilisha nguo, utalala ubavu wa kushoto, utawekewa dripu na dawa ya usingizi mwepesi. Nikuambie ukweli kuhusu aibu, hasa kwa wanaume manake mdogo wangu wa kiume alikataa miaka miwili kwa ajili ya hilo tu: umefunikwa shuka, wale wanaangalia skrini, na wengi hatukumbuki hata imeisha saa ngapi. Ukitaka daktari wa jinsia yako omba wakati wa kuweka miadi. Ukiamka tumbo limejaa hewa, itoe usiizuie. Siku hiyo usiendeshe gari wala bodaboda, usisaini mkataba.

Ukirudi nyumbani ukapata maumivu makali ya tumbo yanayoongezeka, homa, au damu nyingi, rudi hospitali usiku huo huo.

Hatua ya 8: Chukua ripoti na uwaambie ndugu

Usitoke na neno la mdomo "uko safi". Omba karatasi na uangalie vitu vitatu: kamera ilifika mpaka mwisho (mwanzo wa utumbo mpana, karibu na kidole tumbo), tumbo lilikuwa safi kiasi gani, na tarehe ya kurudi imeandikwa. Kama walitoa kinyama, rudi uchukue majibu ya maabara hata kama hawajakupigia. Mi walitoa viwili vidogo nikiwa na 42, nilichelewa miaka miwili, narudi kila baada ya miaka 5.

Halafu piga picha ripoti uwatumie ndugu zako. Kinyama chako kikiwa kimekomaa, hesabu ya ndugu zako imebadilika leo.

UKIKWAMA

FIT imetoka na damu, naweza kurudia kuhakikisha? Hapana. Ikitoka mara moja inayofuata ni kamera, hata kama una bawasiri, hata kama kanda ya ziwa wanasema ni kichocho. Kichocho kitibiwe na kamera ifanyike. Kurudia FIT mpaka itoke nzuri ni kujidanganya.

Nimetapika dawa ya kusafisha. Pumzika nusu saa, endelea taratibu kwa mafunda madogo ya baridi. Ukishindwa kabisa pigia kitengo usiku ule, usinyamaze ukaenda na tumbo chafu.

Ripoti imesema tumbo halikuwa safi au kamera haikufika mwisho. Hiyo usiihesabu kama umepima miaka mitano. Uliza tarehe ya kurudia mapema, na safari hii waombe maelekezo ya kusafisha kwa siku mbili.

Sijui ukoo wangu, nililelewa na watu wengine. Anza na 45 kama wote, na dalili yoyote isikupite.

Familia imekasirika nimeuliza habari za marehemu. Mtafute mmoja tu anayependa kukumbuka, kila ukoo una shangazi wa hivyo, nenda peke yako, usiende na daftari mkononi siku ya kwanza. Mwambie unauliza kwa ajili ya watoto wako. Andika ukishatoka.

Hela haijatosha na niko kundi la tatu. Fanya FIT mwaka huu, weka miadi ya hospitali ya umma ambako foleni ni ndefu lakini bei ni ndogo, na uanze kuchangiwa mapema. Sisi ndugu wanne tulifanya mchezo wa kupokezana, kila baada ya miezi mitatu mmoja anaenda kwenye kamera, aliyekuwa karibu zaidi na umri wake wa kuanza kupima ndiye alitangulia.